Kiharusi: mnauliza sindano, mimi nauliza mlifika hosi saa ngapi

Nimeskia ubongo una kinga yake damu ikikatika, ni ukweli? (Msomaji, Milimani Kisumu)

Ni ukweli. Ubongo hutengeneza vipande vifupi vya protini, nyuropeptidi, na inayosomwa sana ni PACAP, kundi la Akira Arimura wa Chuo cha Tulane, Marekani, liliitoa kwa ubongo wa kondoo wakaitangaza 1989. Seli ikikosa damu huanza kujiua, PACAP inazuia hiyo, na panya waliokatiwa damu ya kichwa wakadungwa hiyo kitu walibaki na seli nyingi kuliko wenzao. Kwa binadamu bado, manake ikiingia kwa damu inavunjwavunjwa ndani ya dakika chache, halafu inapanua mishipa na kuleta kichwa kuuma vibaya sana. Na mtafiti anajua dakika yenye alikata damu ya panya, wewe unamleta mgonjwa kesho yake.

Kuna mtu anauza matone ya peptidi hapa Kondele, ninunue?

Hapana.

Binamu ametuma Cerebrolysin, tumdunge mama? (Msomaji, Kakamega)

Hii nimeulizwa mpaka nimechoka. Ni dawa ya sindano yenye peptidi, imetengenezwa kwa ubongo wa nguruwe, na mapitio ya Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba kwa pamoja, hayakuona ikipunguza vifo vya kiharusi. Hata nerinetide, peptidi ya maabara, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,105, matokeo yakatoka 2020, kwa jumla haikushinda sindano tupu isiyo na dawa. Msidunge mtu kitu cha kutumwa kwa bahasha.

Mzee aliamka mdomo umepinda na mkono hauinuki, kemisti wakampa aspirini, sasa tungoje? (Msomaji, Ahero)

Mngoje nini jameni! Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu hupewa ndani ya masaa 4 na nusu, yanahesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, si tangu mlipomwona asubuhi. Aspirini kabla ya skani ni hatari, labda mshipa umepasuka na mnamwongezea kuvuja, na hakuna kemisti wa kujua hiyo kwa macho. Tafuteni gari saa hii, pigeni simu mbele muulize kama skani inafanya kazi leo, maombi mtafanyia njiani.

Omena inaongeza PACAP?

Hapana, tumbo linaivunja kama protini ingine yoyote. Kula tu, ila chumvi punguza, na vidonge vya presha usiache ati kwa sababu unajiskia poa.