Sauti inaanza safi kisha inageuka ngurumo: hesabu baiti kabla ya kununua hedifoni nyingine

Mkuu, pole. Umesema programu yako ya Android inacheza WAV (faili la sauti isiyobanwa) vizuri faili likiwa ndani ya simu, ila ukilivuta kutoka seva linaimba sekunde chache halafu linakuwa ngurumo mpaka mwisho. Umeshabadili simu mbili na hedifoni. Basi inatosha, usitumie hela tena. Ugonjwa huo umenila karibu mwezi mzima.

Nilikuwa natengeneza programu ya kufundishia kwaya. Soprano, alto, tenor na besi, kila sauti na faili lake, mwanakwaya anazima zote anabaki na yake. Nyumbani kwenye Wi-Fi mambo safi kabisa. Jumamosi tukaenda mazoezini, watu wakatumia bando zao, ikawa kama mtu anamwaga kokoto kwenye bati. Nikalaumu mtandao. Nikalaumu simu za watu. (Na ndiyo, nilikuwa natuma WAV ghafi: biti 16, mono (chaneli moja), sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44100 kwa sekunde, zaidi ya MB 5 kwa dakika. Mwalimu wa kwaya alinikumbusha habari ya bando kwa muda mrefu.)

Kosa lilikuwa kwenye `read()`, ile amri ya Java ya kusoma baiti. Unaiomba baiti 4096, lakini haijakuahidi 4096. Inakupa zilizokwisha kufika. Faili likiwa kwenye simu, mara nyingi unapata zote, ndiyo maana hukushtuka. Kwenye mtandao unaweza kupewa 1447. Sasa sampuli moja ya biti 16 ni baiti mbili, na 1447 ni namba witiri. Mimi nilikuwa nagawa kwa mbili na ile baiti moja ya mwisho naitupa. Tangu hapo kila jozi imevunjika: baiti ndogo ya sampuli hii inaungana na baiti kubwa ya sampuli ile, na iliyokuwa na uzito mdogo ndiyo inaamua sauti iwe juu au chini. Haijirekebishi yenyewe, labda itupwe baiti nyingine moja kwa bahati. Ndiyo hiyo ngurumo yako.

Dawa: baiti iliyobaki peke yake ihifadhi, ianze mbele ya mzigo unaofuata. Au tumia `readFully` ya DataInputStream, inayosubiri mpaka zitimie zote, ila ujue mwisho wa faili itakurushia EOFException (kosa la faili kuisha) kama mzigo wa mwisho haukujaa bafa, yaani chombo cha kuwekea baiti kwa muda. Mimi ilinikata mwisho wa kila wimbo, "Amina" zote zikapotea, kwa hiyo nikarudi kwenye njia ya kuhifadhi.

Ukiwa hapo hapo, angalia unavyounganisha baiti. Kwenye Java baiti ina alama ya hasi na chanya. Usipoweka `& 0xFF` kwenye baiti ndogo, 0xC8 na 0x01 ambazo zingekupa 456 zitakupa -56. Hii mlio wake ni tofauti: wimbo unausikia, lakini uko nyuma ya mkwaruzo tangu sekunde ya kwanza.

Ndiyo maana siku hizi nasikiliza kwanza, msimbo baadaye. Mwalimu wetu aliwahi kulalamika kwamba kinanda na simu havielewani. Hakukuwa na mkwaruzo wowote. Nilikuwa nimefungua AudioTrack (sehemu ya Android inayotoa sauti) kwa 48000 wakati rekodi ni za 44100, kwa hiyo wimbo ulikwenda haraka na kupanda karibu robo tatu ya toni. Mimi sikusikia kitu. Yeye alisikia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Ukiona imekwenda kasi maradufu, huenda umecheza mono kama stirio (chaneli mbili).

Mkwaruzo ukija pale tu sauti zote nne zinapopaza pamoja, ni kujumlisha. Biti 16 zinaishia 32767. 30000 na 10000 ni 40000, haiingii, inageuka -25536. Jumlisha kwenye `int` au `float`, punguza sauti, ndipo urudishe.

Na ile ta-ta-ta ya kukatika katika ni bafa kukauka. Fremu 1024 (fremu ni sampuli moja ya kila chaneli) kwa 48000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21. Ukisoma faili au kuandika logi ndani ya kitanzi cha kucheza, muda huo unaisha. Kuanzia Android 7.0 kuna `getUnderrunCount()`, inayohesabu mara ambazo bafa imekauka, iulize uone kama namba inapanda.

Kabla ya yote, fanya jaribio hili. Tengeneza mwenyewe wimbi la 440 Hz uliandike moja kwa moja kwenye AudioTrack. Likitoka safi, upande wa kutolea sauti hauna neno. Kisha zile sampuli za kutoka mtandaoni, kabla hazijafika AudioTrack, ziandike kwenye faili, ulifungue kwa Audacity (programu ya kuhariri sauti) kama data ghafi. Mimi niliona mawimbi mazuri ya soprano, halafu ghafla ukuta mweusi, na ukuta ulianza pale pale logi ilipoandika 1447.

Weka hapa mistari ya kitanzi chako cha kusoma, na useme faili ni mono au stirio.