Land Rover 109 ya jeshi kwa spea za chakavu: hesabu meno kwanza

Mkuu uliyenunua 109 (Land Rover ya zamani yenye inchi 109 kati ya eksel ya mbele na ya nyuma) ya jeshi huko Moshi, umeuliza kama inaweza kufufuliwa kwa spea za kung'oa kwenye Land Rover zilizokufa. Inafufuka, na inafufuka vizuri. Mimi niko Arusha, nayafufua magari haya kwa njia hiyohiyo, na nayapenda kwa dhati. Shida ni fundi anayekwambia "hii inaingia" halafu anaanza kufunga. Kuingia inaingia, lakini je, ndiyo yenyewe?

Chukulia difu, yale meno ya katikati ya eksel yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. 109 ya silinda nne ilitoka na uwiano wa 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Range Rover za mwanzo na Defender zina 3.54, na difu ya Rover (ile inayochomoka nzima) ya uwiano huo inakaa kwenye eksel ya Series, yaani Land Rover za zamani kama yako, bila kukata wala kuchomelea. Ukiiweka nyuma tu ukaacha 4.7 mbele, kwenye lami ya kwenda Arusha hutasikia kitu kibaya. Siku utakapoingiza magurudumu yote manne yavute kwenye tope la Kibosho, ndipo utavunja. Series haina difu ya katikati, hivyo mbele na nyuma lazima vizunguke sawasawa; visipolingana, chuma kimoja kitasalimu amri, na shafti za nyuma huwa dhaifu. Ukiwa kwenye chakavu usikubali maneno, hesabu meno: 47 kwa 10 ndiyo yako, 46 kwa 13 ni ile nyingine. Hata ukibadilisha zote mbili kuwa 3.54 utapata mwendo lakini utapoteza nguvu ya kupanda, na kwa anayeishi upande wa mlimani mimi sishauri kabisa. Kama nyuma una Salisbury, aina nyingine ya eksel iliyofungwa kwenye baadhi ya 109, difu hiyo haichomoki nzima kama ya Rover, kwa hiyo tafuta eksel kamili.

Injini ya lita 2.25 nayo ina mtego wake. Za kabla ya 1980 krankishafti yake (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imekaa kwenye beringi kuu tatu, zilizofuata ni tano. Krankishafti ya moja haiingii kwenye bloku ya nyingine.

Milango, mabawa (madigadi) na boneti nunua chakavu, bati lake ni aluminiamu; kagua tu kutu kwenye fremu za chuma za ndani, hasa za milango.

Chesisi hapana. Ni chuma, na kutu huanzia ndani. Igonge kwa nyundo kuanzia kwenye vishikio vya springi za nyuma. Ikitoa sauti ya kufifia, kata kipande hicho na uchomelee chuma kipya. Ukihamishia gari kwenye chesisi ya gari jingine, namba haitalingana na kadi yako. Risiti za kila spea kubwa zitunze.

Halafu angalia umeme kabla hujanunua hata balbu. Gari za jeshi zilizofungiwa redio nyingi ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Stata, koili na taa za gari la kiraia la volti 12 zitaungua. Ukitaka kuhamia 12, badilisha mfumo wote kwa mpigo, pamoja na dinamo na geji za dashibodi.