Taa ya eabegi ikiwaka, usiizibe mdomo

Ujumbe ulioingia wiki hii ulikuwa mfupi: "Mkuu habari. Nina Toyota IST. Ile taa ya kamtu kenye puto haizimi, na honi imekufa. Fundi anasema akiweka rizista taa inazima, elfu ishirini tu. Nimwachie?"

Usimwachie hiyo rizista (kizuizi kidogo cha umeme). Na honi yako imeshakutajia ugonjwa, ni vile tu hakuna aliyeisikiliza. Taa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa, ikiwaka pamoja na honi kufa, mara nyingi kilichokatika ni ule utepe wa usukani ambao mafundi huuita klokspring. Nitaufikia. Lakini kabla hujagusa kitu cha njano kwenye gari (soketi za eabegi hupakwa njano makusudi ili uziogope), pima betri.

Wengi hucheka nikisema hivyo. Kompyuta ya eabegi, ya ABS (breki zinazozuia matairi kujifunga) na ya usukani wa umeme zote zinaishi kwa volti. Volti zikishuka wakati wa kupiga stata, zinaandika kosa na kuwasha taa, na hapo ndipo mtu anauziwa sensa ambayo haikuwa na shida. Chukua maltimita (kipima umeme), hata ya bei rahisi, acha gari ilale usiku mzima, asubuhi pima kabla ya kufungua switi ya ufunguo. 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.0 imekaribia kuisha. Piga stata huku ukitazama: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka hata kama gari imewaka. Injini ikishawaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, AC na feni. Isishuke chini ya 13.5. Ikipanda juu ya 15, regyuleta ya altaneta imekufa na inachemsha betri. Utaona maji ya betri yanaisha kila baada ya wiki mbili, na jasho jeupe kwenye temino. Magari mapya kidogo hupunguza chaji yenyewe yanapotembea, kwa hiyo usishtuke ukiona 12.8 kwa muda. Washa taa uone kama inapanda.

Betri ikiwa nzima, nenda kwenye athi, yaani waya unaounganisha nguzo hasi ya betri na injini na bodi. Huu ndio ugonjwa unaodharauliwa kuliko yote, na kwa magari ya pwani ni wa kila siku kwa sababu ya chumvi. Weka ncha moja ya maltimita kwenye nguzo hasi ya betri (kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibano), ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna upinzani njiani, ukiona 0.5, usinunue chochote kabla ya kufungua ule waya, kupiga msasa mahali unapokaa hadi chuma king'ae, kufunga upya na kupaka grisi juu. Rudia kati ya nguzo hasi na bodi. Kazi ya dakika ishirini na kipande cha msasa. Nimechoka kuona watu wakinunua kontroboksi (kompyuta ya gari) ya mtumba kwa sababu ya nati moja yenye kutu.

Na kama betri inakufa gari ikilala siku tatu, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Fungua temino hasi, ingiza maltimita katikati kwa mpangilio wa ampea 10, acha mlango wazi lakini bonyeza kitasa chake kwa bisibisi ili gari idhani umefunga. Subiri nusu saa, maana kompyuta hazilali mara moja. Kawaida ni ampea 0.02 hadi 0.05. Ukisoma 0.5, betri ya Ah 45 inakauka kwa siku nne kasoro. Sasa chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Usipige stata maltimita ikiwa katikati, utaunguza fyuzi yake. Kwenye magari ya Japani anza na vitu vilivyoongezwa: alamu, redio, kifaa cha kutrak, na kile kisanduku cha ETC cha kulipia barabara za kwao ambacho bado kinamsalimia mwenye gari kwa Kijapani kila asubuhi.

Haya, klokspring.

Fikiria futi ya fundi cherehani imeviringwa ndani ya kibati cha duara. Hiyo ndiyo klokspring. Ni utepe mwembamba wenye nyaya bapa, unaokaza na kulegea usukani unapozungushwa, ili umeme ufike kwenye eabegi ya dereva, honi na vitufe. Una mizunguko kama mitano tu kutoka mwisho hadi mwisho, na matairi yakiwa sawa unatakiwa kuwa katikati, yaani mizunguko miwili na nusu kila upande. Wakati mwingine unakatika kwa uzee tu. Wakati mwingine unauawa gereji: fundi anashusha steringi raki (chuma kinachogeuza matairi), anafungua kiungo cha nguzo ya usukani, usukani unabaki huru, kijana wa gereji anakaa kwenye kiti na kuuchezea. Raki inarudishwa, matairi yako sawa lakini utepe umeshasogea mizunguko miwili. Mwenye gari anaondoka vizuri. Siku ya kwanza anapokata kona hadi mwisho, tak. Honi kimya, taa imewaka, na hakuna anayeihusisha na raki iliyobadilishwa mwezi uliopita.

Kinga yake haina gharama. Kabla kiungo hakijafunguliwa, nyoosha matairi, toa ufunguo ili usukani ujifunge, au pitisha mkanda wa kiti ndani ya usukani na uukaze.

Ukibadilisha, utaratibu ni huu na haukatwi kona. Zima switi, toa temino hasi, ifunge kwa kitambaa isirudi yenyewe. Subiri. Vitabu vya Toyota husema angalau sekunde 90, watengenezaji wengine hutaka dakika kadhaa. Mimi nasema kanywe chai, dakika kumi. Sababu ni kwamba ndani ya boksi la eabegi kuna kapasita inayohifadhi umeme, ili mfuko upasuke hata kama betri imekatika kwenye ajali. Kuondoa betri peke yake hakujaizima.

Legeza bisi mbili za pembeni mwa usukani (Toyota nyingi ni Torx T30), vuta eabegi taratibu, chomoa soketi ya njano baada ya kuinua kifungo chake. Ibebe sura ikitazama mbali na wewe, ilaze mezani sura juu. Ukiilaza kifudifudi ikapasuka, itaruka kama kombora. Ikiwa sura juu, mfuko utafunguka hewani. Kisha weka alama kwenye shafti na usukani, legeza nati ya 19 lakini iache kwenye nyuzi chache unapovuta usukani, la sivyo utang'oka ghafla ukupige meno. Klokspring mpya huja na pini au stika inayoizuia isizunguke: usiitoe kabla ya kufunga. Kama ni ya mtumba, izungushe kwa mkono kinyume cha saa hadi ikaze kidogo, usilazimishe, kisha irudishe mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Nati ya usukani, Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nguvu ya Nm 50. Rudisha eabegi, betri mwisho, na unapofungua switi mara ya kwanza usiwe umeinamia usukani.

Kuna jambo moja sitaki ulijaribu hata kwa udadisi: kupima eabegi yenyewe kwa maltimita. Kiwashio chake kina upinzani wa kama omu mbili hivi, na ule umeme mdogo wa maltimita unaweza kukiwasha. Unapima waya, unapima klokspring iliyochomolewa pande zote mbili. Eabegi haipimwi.

Sasa turudi kwa rizista ya elfu ishirini. Kontroboksi ya eabegi hupitisha umeme kidogo sana kwenye kiwashio kila unapofungua switi, ione kama zile omu mbili zipo. Fundi anachomoa eabegi, anaweka rizista ya omu mbili au tatu, kontroboksi inaridhika, taa inazima. Siku ya ajali kontroboksi itatuma umeme wake kwa uaminifu kabisa, kwenye rizista. Wewe utapokelewa na usukani. Wengine hawahangaiki hata na rizista: wanabandika utepe mweusi juu ya taa au kuiunganisha na waya wa taa ya chaji.

Kwa hiyo unapokagua gari ya kununua, fungua switi bila kuwasha injini, tazama taa ya eabegi peke yake. Lazima iwake, ikae kama sekunde sita, izime yenyewe. Isipowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka. Ikikaa hadi uwashe injini, kisha ikazima sekunde ileile na taa ya chaji au ya oili, wameiunganisha. Pitisha kidole kwenye kifuniko cha eabegi ya abiria juu ya dashibodi: ukihisi gundi, rangi tofauti au mshono uliorekebishwa, mfuko ulishafunguka zamani.

Kama honi inafanya kazi na taa imewaka, chungulia chini ya viti vya mbele kabla ya kulipa mtu. Zile soketi za njano hulegea watu wa kuosha gari wanapotoa kapeti, au hushika kutu zikilowa. Zima switi, toa betri, subiri kama nilivyosema, zichomoe, zisafishe kwa spreya ya kusafishia soketi, zirudishe hadi ulisikie tak. Kosa likiwa limehifadhiwa, linafutwa kwa mashine inayoingia mfumo wa eabegi. Vile vidude vya bluututhi vya bei chee vingi vinasoma injini tu, na vitakuambia gari ni nzima huku taa inakutazama.

Wakati uko hapo chini, tazama ubavu wa kiti. Kukiwa na kijitambaa kilichoandikwa SRS AIRBAG, kuna mfuko ndani ya kiti, na ile kava nzuri uliyoshonewa ikaubana kiti kama suruali ya ngozi imeuziba. Mshonaji aache upande huo wazi. Manyoya juu ya dashibodi na chupa ya manukato navyo viondoke juu ya eabegi ya abiria.

Wasomaji wa Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar, hili linawahusu zaidi. Eabegi zilizotengenezwa na Takata ya Japani ziliwekwa kwenye Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na nyingine nyingi, hasa za miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010. Baruti yake ni amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu. Ikiwashwa inalipuka kupita kiasi, kikombe cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa kwenye ajali ndogo ambazo zingewaacha na michubuko. Kampuni yenyewe iliomba kufilisika Juni 2017, lakini magari tunayo sisi. Usihangaike na tovuti za Marekani, zinataka namba ya tarakimu na herufi 17; gari ya soko la Japani ina namba ya chesesi fupi, inayoanza na kitu kama NCP60. Iingize kwenye ukurasa wa kuita magari yenye kasoro (recall) wa mtengenezaji wake huko Japani, au mpelekee wakala rasmi hapa. Na usinunue eabegi ya mtumba sokoni bila kujua ilitoka gari gani.

ABS kwa kifupi. Taa ikiwaka baada ya kubadilishiwa beringi ya habu, huenda beringi imewekwa kinyume: upande mmoja una pete ya sumaku ambayo sensa huisoma, nao lazima uitazame sensa. Ikiwaka baada ya kazi ya shokapu, fuata waya wa sensa, utaukuta umebanwa au umekatika. Vinginevyo toa sensa, ifute ungaunga wa chuma kwenye ncha. Sensa za zamani za nyaya mbili zinapimika, kwa kawaida kati ya omu 800 na 2,500. Hizi za kisasa hazipimwi kwa omu. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana hunywa unyevu: DOT 3 mapya huchemka 205°C, yakishanywa maji ni 140°C, na hiyo si mbali ukiteremka mlima Kitonga na mzigo.

Fyuzi iliyoungua haibadilishwi na kubwa zaidi, wala haifungwi kwa karatasi ya sigara. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, kitakachoungua sasa ni waya ndani ya dashibodi. Hadithi ni ileile kwa globu za wati 100 kwenye soketi ya H4 ya wati 60/55: umeme unatoka ampea 5 hadi zaidi ya 8, soketi inayeyuka, switi ya taa inafuata. Na welda yeyote asiguse gari kabla betri haijatolewa.

Kwako wewe wa IST: honi ikirudi na taa isizime baada ya klokspring kufungwa, usibadilishe kitu kingine kabla ya kufuta kosa kwa mashine. Muulize fundi pia nani alishusha raki mara ya mwisho.