Jeti na roketi: usiangalie ni ndege au kombora, uliza hewa inatoka wapi

Mkuu umeuliza imekaaje V-1 na V-2 zote ni makombora ya Mjerumani ya vita ya pili ila moja inasemwa ina injini ya jeti na nyingine ya roketi, wakati tumezoea jeti ni ya ndege na roketi ni ya kombora. Ngoja nikueleze, maana mimi hii kitu nimeielewea hangani, yaani gereji ya ndege.

Mimi ni fundi wa ndege hapa Dar, nashika sana Caravan, zile ndege ndogo za injini moja zinazopiga ruti za Zanzibar na Mafia. Ile ina propela mbele lakini ndani ni turbini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi ya moto, ukoo mmoja na jeti. Ndege ikishinda juu ya bahari, jioni injini lazima ioshwe: mmoja anazungusha kwa starta bila kuwasha moto, mwingine kashika mpira anapuliza maji safi kwenye njia ya hewa, maji yanapita kwenye mapanga ya kompresa, ile sehemu ya mbele ya injini inayobana hewa, yanakuja kutokea ekzosi. Kisa ni chumvi. Injini ya jeti inapumua, na ikipumua inavuta kila kilichomo hewani, chumvi, vumbi la viwanja vya porini, vyote.

Sasa hapo ndo pa kugawia. Kilo 1 ya mafuta inataka kama kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Jeti hizo kilo 15 inazichota njiani bure, roketi inabeba oksijeni yake yenyewe tankini, ndo maana inafika kusiko na hewa na ndo maana pia inaishiwa mapema mno.

V-1 iliyoanza kupiga London Juni 1944 ilikuwa jeti, tena rahisi sana, haina kompresa wala turbini. Ni bomba tu, mbele kuna vali za vibati vyembamba vya springi. Hewa inaingia, petroli inalipuka, mlipuko unavifunga vibati, moto hauna pa kwenda zaidi ya nyuma, presha ikishuka vibati vinafunguka tena, hivyo hivyo kama mara 45 kwa sekunde, ndo ule mngurumo watu wa London walikuwa wanausikia kabla haijaanguka. Plagi inahitajika wakati wa kuwasha tu. Ila ikiwa imesimama haina nguvu ya kujinyanyua, kwa hiyo waliirusha na manati ya mvuke.

V-2 ni habari nyingine kabisa, hiyo ndo roketi. Inaondoka na uzito wa zaidi ya tani 12, na humo karibu tani 9 ni alkoholi na oksijeni ya kimiminika, na oksijeni ndo nzito kuliko alkoholi yenyewe! Zote zinaisha kwa kama sekunde 65. Baada ya hapo inaenda kama jiwe lililorushwa, inapanda juu kilomita 80 na zaidi halafu inashuka London kabla hujasikia sauti yake. Na tusipitie kimya kimya, zilitengenezwa na wafungwa wa Mittelbau-Dora, kambi ya mateso ya Wanazi, chini ya mlima na maelfu walikufa pale.

Upande wa ndege nako ziko zote mbili. Me 262, ndege ya kivita ya Mjerumani, ni jeti, injini mbili za Jumo 004 zenye kompresa ya hatua 8 (safu 8 za mapanga), na tatizo lake lilikuwa joto. Roketi ya sekunde 65 chuma chake kinavumilia muda huo tu, tena V-2 ilipitisha alkoholi kwenye kuta za chemba kuipoza, lakini turbini inakaa kwenye moto saa nzima huku inazunguka. Mjerumani alikuwa hana nikeli na kromiamu za kutosha, metali za kufanya chuma kivumilie joto, akatumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, injini ikawa inadumu saa 10 mpaka 25 basi. Na rubani akisukuma mafuta kwa pupa moto unazima au mapanga yanaungua. Mimi nikifikiria kufungua injini kila baada ya saa 25 nawaonea huruma mafundi wale.

Ila wa Me 163 ndo nawahurumia zaidi. Hiyo ni ndege kabisa, ina mabawa na rubani, lakini injini ni roketi, full pawa dakika 7 na nusu, halafu inarudi chini inaelea bila injini. Karibu nusu ya uzito wake wakati wa kuruka ilikuwa mafuta ya aina mbili yanayowaka yenyewe yakigusana tu, bila plagi, moja ni haidrojeni peroksaidi kali ambayo ikimwagikia mtu inaunguza nguo na ngozi. Magari mawili ya kujazia hayakuruhusiwa kusogelea ndege kwa pamoja, na likiondoka la kwanza mafundi walikuwa wanamwaga maji mengi kila mahali kabla la pili halijaja. Mpira wa maji kama ninaoshika mimi kila jioni, ila wao walikuwa wanaosha mafuta yao wenyewe.