Bi Mkubwa anajibu: Dirham 9,000 zitatutosha watu watano Dubai?

*Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Mie ni mwalimu wa skuli ya serikali hapa Unguja, nina watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 2. Mume wangu ni msimamizi wa mafundi hotelini, kapata kazi Dubai kwa dirham 9,000 kwa mwezi. Anataka tuondoke sote pamoja, anasema hizo ni zaidi ya milioni sita za hapa, tutakula na tutasaza. Rafiki yake wa kule kamtafutia nyumba ya chumba na sebule, kodi dirham 60,000 kwa mwaka, na skuli ya mtaala wa Kihindi, dirham 9,000 kwa mtoto kwa mwaka. Pesa ya kuanzia anataka tuuze kiwanja chetu cha Tunguu, ambacho nusu ilitoka kwenye mchezo wangu wa upatu, na mie niache kazi. Mkwe wangu anasema mke hufuata mume. Nifanyeje? Mama wa Watatu, Magomeni.*

Waalaikum salaam mwanangu. Nisikuzungushe, kwa watu watano, na skuli mbili juu yake, na mkataba kama ulivyonieleza, hazitoshi. Sisemi mshahara mbaya, mshahara mzuri mashaallah, na kule kodi ya mshahara hakuna, elfu tisa anazipokea zote elfu tisa. Ila mumeo anazihesabu kwa macho ya Darajani wakati zitaliwa Deira.

Hebu tupige hesabu kwa namba zenu nyinyi wenyewe. Elfu tisa mara kumi na mbili ni 108,000. Toa nyumba 60,000. Toa skuli za hawa wakubwa wawili, 18,000. Zinabaki 30,000 kwa mwaka mzima, yaani 2,500 kwa mwezi. Bado kuna kitu rafiki yake kasahau kumwambia, kule manispaa inakata asilimia tano ya kodi ya nyumba kwa mwaka, inaingizwa kidogo kidogo kwenye bili ya umeme na maji, kwa kodi ya 60,000 ni dirham 250 kila mwezi, umebaki na 2,250. Hapo hujala, hujalipa umeme wenyewe, hujalipa basi la skuli, simu, nepi za mdogo, nauli ya baba, na bima ya afya yako na ya watoto, maana mwajiri analazimika kumkatia bima yeye mfanyakazi, nyinyi mko juu yake yeye aliyewaleta.

Nshajua utaniambia Bi Mkubwa, 2,250 kwa hesabu ya mkono ya shilingi mia saba kwa dirham moja si milioni na nusu na zaidi, mbona mie mshahara wangu haufiki huko. Ndio mwanangu, lakini milioni na nusu ya Magomeni ina nyumba ya mkwe ndani yake, ina muhogo wa kuletewa kutoka shamba, ina samaki wa jioni ambao muuzaji hataki kurudi nao, ina dada wa kukushikia mtoto. Kule yote hayo unayanunua. Na umeme, hapa tunatia tukuza (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi, ukiona units zinakimbia unazima friji usiku unafungua dirisha. Kule joto la mwezi wa saba na wa nane linapita 40, dirisha halifunguliki kwa raha, kiyoyozi kinakwenda usiku na mchana, na kadiri unavyotumia zaidi ndo bei ya unit inavyopanda, bili ikija mwisho wa mwezi imeshakuja.

Sasa tuje kwenye pesa ya kuanzia maana ndo inayouza viwanja vya watu. Kodi ya Dubai kwa desturi hailipwi mwezi kwa mwezi kama chumba cha Kwahani, unaandika cheki za mwaka mzima mbele, mbili au nne au zaidi, mwenye nyumba anazikaa nazo kila moja na tarehe yake. Tuseme kakubali nne, ya kwanza ni dirham 15,000. Amana ya nyumba isiyo na samani kwa kawaida ni asilimia tano, 3,000. Dalali naye kwa kawaida asilimia tano, 3,000 nyengine (madalali mwanangu ni wale wale bahari zote). Amana ya umeme na maji kwa fleti, 2,000. Hizo ni 23,000, zaidi ya milioni kumi na sita za hapa, na nyumba bado tupu, pengine hata jiko na friji haina. Weka tiketi za watu wanne, weka viza zenu, weka ada ya mwanzo ya skuli. Na ili awe na kitabu cha cheki lazima awe na akaunti benki, na akaunti ya maana inataka kitambulisho cha kule, na kitambulisho kinasubiri vipimo vya afya na ukaazi kupita, hayo yanachukua wiki kadhaa, je nyinyi watano wiki hizo mnalala wapi? Hotelini, kwa pesa ya kiwanja.

Kinachonitisha zaidi si hicho lakini, ni muda wa majaribio. Sheria ya kazi ya kule inamruhusu mwajiri kumuweka mtu kwenye majaribio mpaka miezi sita, na ndani ya muda huo anaweza kumuachisha kwa notisi ya siku 14. Siku kumi na nne! Sasa fikiria mwezi wa nne bosi kabadilisha mawazo, cheki tatu ziko kwa mwenye nyumba, watoto wako darasani, kazi yako ya serikali ushaiacha, kiwanja kina ukuta wa mtu mwengine. Mnarudi mnakaa kwa nani?

Kwa hio ushauri wangu, atangulie peke yake. Akae kwenye chumba cha kuchangia na wenzake au mwajiri mwenyewe ampe malazi, amalize majaribio, apokee mishahara sita kwa mkono wake. Watu wetu walioneemeka na Arabuni wengi wamefanya hivi, wamechuma kule wakatumia huku, ukichuma kule ukatumia kule na familia nzima kwa mshahara wa katikati unakuwa umehamia tu kwenye mji wa gharama. Dirham imefungwa kwenye dola toka mwaka 1997, dola moja dirham 3.67, shilingi yetu ikiteleza anachokutumia kinazidi bila yeye kuongezwa hata senti. Akikutumia 3,500 kwa mwezi bado anabakiwa na zaidi ya 5,000 ya kuishi kama mseja na kuweka. Ndani ya miezi sita hio ile elfu ishirini na tatu ya kuanzia inaweza kupatikana bila kuuza hata jiwe.

Najua miezi sita ni mirefu na najua kuna wanawake wamesubiri sita ikawa sita ya miaka, mume akarudi na mke mwenziwe. Sikufichi. Ndo maana tarehe iwekwe kabla hajapanda ndege, na mbele ya watu wazima wa pande zote mbili, kwamba mwezi fulani mnakwenda kwa viza ya matembezi skuli zikifungwa, mnaangalia nyumba kwa macho yenu, mnaiona hio skuli, halafu ndo mnaamua. Mtoto wako wa miaka minane anasoma kwa Kiswahili, kule atapewa mtihani wa kuingilia kwa Kiingereza, muanzishie masomo ya Kiingereza sasa hivi badala ya kwenda kumuaibisha. Na skuli za mtaala wa Kihindi kule mwaka wao unaanza mwezi wa nne, sio Januari kama sie, mkitua katikati mnaweza kulipa na mtoto asipate nafasi.

Kuhusu mkataba, mwambie asitie saini kwanza. Aulize mshahara wa msingi ni kiasi gani ndani ya hizo elfu tisa. Wengi wanaona jumla wanafurahi, kumbe msingi ni 3,000 na zilobaki ni marupurupu. Kiinua mgongo cha kule kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Msingi ukiwa 3,000 anapata 2,100 kwa mwaka, ukiwa 6,000 anapata 4,200, mshahara ule ule, kazi ile ile. Aombe na malazi ya familia au posho ya skuli iandikwe, sheria haimlazimishi mwajiri kutoa ada za watoto lakini mtu wa cheo chake anaweza kuomba, na muda wa kuomba ni sasa kabla ya saini, akishatua hana nguvu tena. Na gharama za viza yake ya kazi ni za mwajiri kwa sheria, mtu yeyote hapa anayemtaka pesa ya "kushughulikia viza ya kazi" amkimbie.

Wewe usiache kazi. Omba likizo bila malipo wakati wako ukifika, serikalini huo utaratibu upo, nenda kaulize wizarani kwako wanataka barua ya aina gani. Kule ukiwa kwa viza ya mume kufanya kazi unahitaji kibali, mwajiri akuombee, na mwalimu atatakiwa vyeti vyake vihakikiwe, si kazi ya wiki moja.

Sasa kiwanja. Umeniandikia barua nzima ya dirham lakini mie nimesikia kiwanja tu mwanangu. Nusu ni jasho la mchezo wako, na wewe unaona haya kusema hapana kwa vile mumeo na mama yake wanasema mke hufuata mume. Mfuate, nani kakukataza, lakini katika dini yetu mali ya mke ni ya mke na matunzo ya nyumba ni juu ya mume, hakuna kadhi atakayekwambia uuze chako ili yeye akuhamishe. Mwambie kwa upole, usiku watoto wakishalala, sio mbele ya mama yake: "Kiwanja tukiache, wewe tangulia, mie nakutunzia nyumba." Akikubali, kaangalieni hati inasoma jina la nani. Kama ni lake peke yake, basi kabla hajasafiri liandikwe na lako. Akikasirika kwa hilo tu, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na barua nyengine kabisa.

Mkwe wako mwachie mwanawe amjibu.

Na makaratasi anza mapema hata kama hamwendi mwaka huu, hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu vinatakiwa vipigwe mihuri ya wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Imarati, na vitafsiriwe Kiarabu. Angalia majina yafanane herufi kwa herufi na paspoti, kama cheti kimoja kimeandika Othman na paspoti inasema Athumani rekebisheni hapa hapa Unguja, kule hakuna wa kumuelezea.