Kabla hamjachanga, acheni viatu mlangoni

Juzi usiku dada mmoja wa shamba kaniletea ujumbe wa sauti wa dakika saba. Mdogo wake ana wiki tatu kwenye nyumba ya kupata nafuu, ya wanaoacha unga, inayoendeshwa na jamaa wa msikiti. Majirani wameitisha kikao: kuna wanaotaka nyumba ihamishwe, na kuna wanaotaka kusaidia lakini hawajui waanzie wapi. Akaniuliza, "Kaka, tuwaambie wachange shilingi ngapi?"

Nilishindwa kumjibu usiku ule. Najibu hapa, maana nyinyi mnaonisoma najua wengi mna mtu wenu ndani ya nyumba kama ile, au mnaomba awemo.

Mimi nimevuta unga, yaani heroini, miaka 11. Ulitoka Afghanistan, ukapakiwa majahazini pwani ya Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, ukafika barazani kwetu Unguja kabla hatujajua Makran iko wapi. Nyumba za mwanzo za kupata nafuu zilifunguliwa Zanzibar mwaka 2009. Mimi niliingia miaka kadhaa baadaye, nimebebwa na kaka zangu wawili. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, ya siku ya pili na ya tatu sina haja ya kuisimulia, aliyeipitia anaijua. Baada ya hapo miezi ilikwenda: sala ya alfajiri, darsa, kupika, kufagia, kikao cha jioni. Zile hatua 12 za kuacha ulevi tulizofuata ziliandikwa Marekani miaka ya 1930 na walevi walioacha pombe, lakini ustadhi alipotusomea hakuna aliyeziona ngeni. Kukiri kosa, kutubia, kurudisha haki za watu, yote haya tuliyasikia chuoni tukiwa wadogo.

Nilitoka Ijumaa, nina siku 124 safi. Nikaoga, nikavaa kanzu aliyonipigia pasi mama, nikaenda msikitini kwetu. Nilipokaribia ngazi, mtu wa kwanza aliinama akaokota kandambili zake. Wa pili naye. Mzee aliyenifundisha alifu na be alitoka safu ya mbele, akapita watu mpaka mlangoni, akayakung'uta makubadhi yake, akayatia kwapani na kurudi nayo ndani. Sikatai, nimewahi kuiba viatu pale pale. Lakini mwezi mmoja nyuma watu hao hao walisimama mbele ya jamaa wakaahidi mifuko ya saruji na malaki ya pesa kwa ajili ya nyumba yetu, wakapigiwa takbiri. Saruji hatukuiona. Mpaka leo nikikumbuka yale makubadhi kifua kinanibana.

Usiku ule nilirudi maskani kwa wavutaji wenzangu. Nikavuta kipimo changu cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Wenzangu walinikuta midomo imegeuka rangi, pumzi inakuja moja moja. Hapa naomba msome polepole: mtu aliyekaa safi miezi kadhaa akirudia kiasi kile kile, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Msimmwagie maji, msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali.

Nikarudishwa kwenye ile nyumba ya kupata nafuu, na safari ya pili ndiyo nilielewa nini kinaibeba nyumba. Vijana tulikuwa 18, mlo mmoja kilo nne za mchele. Kila Jumanne bimkubwa mmoja wa jirani alikuja na sinia la mihogo ya nazi, halafu akakaa. Hakuliacha mlangoni akaondoka. Alikaa mkekani mpaka tumalize, akituuliza mmoja mmoja, "Wewe mtoto wa nani?" Hajawahi kukosa Jumanne, hata ya mvua za masika.

Nilipotoka, fundi seremala mmoja alinipa shilingi 20,000 nikamnunulie gundi na misumari. Nilirudi na chenji 3,500 nimeikamata mkononi mpaka noti zimelowa jasho. Alizitia mfukoni bila kuzihesabu, akaniambia nishike upande wa pili wa ubao.

Kwa hiyo ndugu zangu, msianze na shilingi ngapi. Anzeni na nani, na siku gani. Anayeweza kibaba cha mchele kila wiki ni bora kuliko mwenye ahadi ya milioni. Mwenye karakana, duka au chombo cha kuvulia aseme mapema atamchukua nani akitoka, kwa sababu hatari kubwa iko siku ya kutoka. Wenye zaka, fukara na maskini mnaowatafuta wako mtaa wa pili. Na msiwagombanishe watu wa dini na hospitali. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanatoa methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha unga, tangu 2011, na huku kwetu Unguja iko hospitali ya Kidongo Chekundu. Mtu anayekunywa dawa yake asubuhi kisha akasali adhuhuri, imani yake haina kasoro, na imamu anayemwambia aache dawa atakuja kuulizwa. Tukiwaombea dua huku tumekumbatia viatu, dua gani hiyo? Mwenyezi Mungu anasamehe, sisi ni nani tusisamehe?

Dada yangu, kwenye kikao chukua karatasi, andika siku saba za wiki, na kila siku iwe na jina la mtu mbele yake. Jumanne niandike mimi, nitakuja na mchele. Na mdogo wako akikaribia kutoka nijulishe tarehe. Karakana ni yangu sasa, na nahitaji mtu wa kupiga msasa.