Kukunja macho si uvivu

Dadangu wa Shela, umesema mwalimu anamwita mwanao mvivu eti hanakili ya ubaoni na jirani kakwambia miwani itamharibu macho, usimsikize wallahi, miwani haiharibu macho hata kidogo, kinachomrudisha mtoto nyuma ni kuikosa. Wangu alikuwa hivohivo, chuoni msahafu anausoma vizuri maana uko karibu, lakini tukikaa pwani namuonesha jahazi limetweka, anakunja macho ananiuliza "lipi mama?" na hakuwahi kulalamika, alidhani watu wote huona hivo.

Leo jioni mzibe jicho moja kwa kiganja, muulize kitu cha mbali, kisha uzibe la pili. Hii muhimu sana, jicho moja likiwa bovu lile zima hulibeba na mtoto hajui, na likiachwa mpaka apite miaka 7 au 8 kulirudisha huwa kazi zaidi. Vovote itakavokuwa mpeleke kitengo cha macho hospitali ya kaunti asomeshwe zile herufi za ukutani akiwa mbali mita 6, usinunue miwani inayouzwa barazani bila kupimwa. Karoti ale tu ni nzuri, lakini hazitamfanya aone ubao. Acheze nje mwangani kama masaa 2 kwa siku, simu apunguziwe, na kesho mwombe mwalimu amkalishe mbele.

Akipata miwani mfungie uzi nyuma, ya kwanza ya wangu ilizama pale gatini.